Tangi la Pili

Gari lilifika Gerezani Jumatano, saa nne,
vumbi jekundu limeganda kwenye bawaba,
vumbi lisilo la kwetu.
Daktari Nyanjige akashuka, akalipiga teke tairi la nyuma,
taratibu, kama anayemwamsha ndugu.
"Nataka tangi la pili. Lita tisini.
Bei tutaongea baadaye."

Nikatandika boksi la friji, nikalala chini ya gari.
Huku chini ndiko ninakolijulia jiji:
soli za wapita njia, maji ya mtaro,
paka wa mamalishe anayekagua kazi yangu.
Nikapima kwa shibiri, kisha kwa kamba.
Futi huja mwisho, kuthibitisha tu.
Tairi la akiba tungelihamishia mlangoni,
na nyuma ya difu ingebaki nafasi
ya kutosha jeneza la mtoto.
Hilo sikulisema. Niliandika kiganjani:
themanini, arobaini, thelathini.

"Mafuta yote hayo ya nini?" akauliza Chogo,
kijana wangu, mdomo wake hauna breki.
Daktari alikuwa akimenya chungwa.
Akatuambia barabara ya Ipole kwenda Inyonga,
masika ya mwaka juzi,
chanjo za ng'ombe kwenye kisanduku cha barafu,
mshale umelala kwenye sifuri
na msitu pande zote mbili, haumjui mtu.
Siku mbili.
Barafu ikawa maji, maji yakawa vuguvugu,
na dawa ya ng'ombe mia sita
akaimwaga mwenyewe mchangani, chupa kwa chupa.
"Wageni wangu walikuwa mbung'o," alisema,
akanigawia nusu ya chungwa.

Kesho yake nilikata bati la milimita tatu.
Ndani nikasimamisha kuta mbili zenye matundu,
maana dizeli ukiiachia ukumbi mzima
hukimbilia kila kona, husukuma gari,
hutaka kuendesha yenyewe.
Nikaweka na bomba la kupumulia:
tangi lisilovuta pumzi hubonyea kama kopo.
Mshono wa kwanza haujapoa, umeme ukakatika.
Tukakaa. Ukarudi alasiri, bila salamu.

Kabla sijafunga ukuta wa mwisho
Chogo aliingiza mkono na chaki
akaandika jina lake mle ndani.
Nilifungua kinywa nimfokee.
Nikamnyang'anya chaki,
nikaandika langu chini yake.

Tukaziba matundu, tukajaza upepo,
tukapaka povu la sabuni kila mshono,
tukachuchumaa kutazama.
Kiputo kimoja kikachungulia kona ya kushoto,
kidogo, jeuri, kama jicho la kenge.
Nikasaga. Nikachomelea upya.
Kiputo kimoja, Gerezani, ni aibu.
Inyonga, ni siku mbili.

Mimi Chalinze sijaivuka.
Pikipiki yangu naitia mafuta ya elfu mbili,
elfu tatu nikilipwa deni.
Sijawahi kujaza chombo changu chochote mpaka shingoni.
Kwa hiyo tulipokwenda kituoni kujaribu
nilisimama karibu kuliko ilivyohitajika.
Namba zilikimbia, zikakimbia,
hadi kijana wa pampu akainama kutazama uvunguni:
"Bosi, gari hili halivuji?"
"Halivuji," nikajibu,
kwa sauti ambayo nyumbani kwangu hawaijui.

Wiki tatu baadaye simu ililia
nikiwa chini ya gari jingine, glavu mkononi.
Sauti yake ilikuja vipande vipande, kama redio ya mkaa:
"Fundi... mshale umelala... nimebonyeza swichi...
injini imekohoa mara moja, halafu..."

Mtandao ukakata.

Nikapiga. Hapatikani.
Nikapiga tena.
Kikohozi kimoja ni kawaida.
Ni hewa tu kwenye bomba, inapisha mafuta.
Nilimweleza Chogo hivyo,
mara mbili.